Bata Yupi Amfaa Mwenye Kuanza?

Jioni hii nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo la uani: mtu atakaye kufuga bata kwa mara ya kwanza, achague mbegu gani? Jambo ni dogo, lakini mimi nililikosea, na aliyelipa kosa langu hakuwa mimi.

Miaka kadhaa iliyopita mjane mmoja, jirani wa chuo ninachofundisha, alinijia akasema, "Mwalimu, nataka kufuga bata, nipate kumnunulia binti yangu madaftari na nguo za shule. Nichukue bata gani?" Niliona fahari kuulizwa. Nikafungua kitabu, nikasoma ya kuwa bata aitwaye Khaki Campbell huwashinda wenzake kwa kutaga, nikamwambia anunue hao. Mama yule aliuliza neno moja tu: "Je, huatamia?" Nami nikalipita neno lile kana kwamba sikulisikia.

Sasa sikilizeni sifa za bata watatu.

Khaki Campbell alizalishwa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, na bibi mmoja, Adele Campbell, wa kijiji cha Uley. Akitunzwa vyema huweza kutaga mayai 250, hata 300, kwa mwaka. Lakini kwa kuwa alichaguliwa kwa ajili ya kutaga, tabia ya kuatamia imefifia ndani yake. Ni nadra kumwona amelalia mayai.

Wa pili ni Pekin, mweupe, ambaye asili yake ni China. Alifikishwa Uingereza na Marekani katika miaka ya 1870. Huyu hukua upesi: akilishwa vizuri, baada ya wiki 7 au 8 hufikia kilo 3 hivi, akafaa kuuzwa. Lakini ni mlaji, na yeye pia si mwatamiaji wa kutumainiwa.

Wa tatu mnamjua, maana ndiye aliyeenea katika vijiji vyetu: yule mwenye manundu mekundu usoni. Wenye vitabu humwita Muscovy, ingawa hakutoka Moscow. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Hutaga kidogo kuliko Campbell, lakini jike huatamia mwenyewe siku 35, na kisha huwalea watoto wake. Dume hufikia kilo 4 au 5, na jike karibu nusu ya hapo. Hana makelele, naye hujitafutia majani, wadudu na konokono. Hujua kuruka, basi kata manyoya marefu ya bawa moja.

Nirudi kwa mjane wangu. Bata wake sita walitaga kweli kweli. Lakini sokoni kwetu watu walitaka mayai ya kuku, na ya bata yakabaki kikapuni. Akataka yaanguliwe ili auze bata wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeketi juu yake. Nguchiro akala wawili, na wa kushika nafasi zao hakuwapo. Binti yake alikaa nyumbani muhula mzima. Mama yule alipokuja kwangu hakunilaumu. Alisema, "Mwalimu, kitabu chako kilisema kweli, ila hakikulijibu swali langu." Waliosalia aliwabadili kwa Muscovy, dume mmoja na majike wawili. Katika mwaka uliofuata binti alirudi shuleni.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, jiulize maswali matatu. Nataka mayai, au nyama? Nani atakayeatamia? Nani atakayenunua? Kama karibu nawe pana wanunuzi wa mayai ya bata, Campbell atakufaa. Na ukiwa na kuku mwatamiaji, mpe yeye mayai ya Campbell, naye atayaangua kwa siku 28. Kama huna soko hilo wala kuku huyo, anza na Muscovy: dume mmoja na majike wanne, wasiwe ndugu. Wala usimchanganye na Pekin ukitumaini kupata mbegu mpya. Watoto wao hufaa kwa nyama, lakini hawazai, kama nyumbu.

Yamesalia maneno matatu ya matunzo. Kwanza, si lazima uwe na ziwa; yatosha chombo cha maji safi chenye kina cha bata kuzamisha kichwa chote, apate kuosha macho na pua. Pili, bata wengi hutaga alfajiri. Usiwafungulie kabla ya saa tatu asubuhi, usije ukatafuta mayai vichakani. Tatu, usiwape kamwe mahindi au karanga zilizoota ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika chakula cha karanga, na vifaranga vya bata hudhurika kwa sumu hiyo upesi zaidi.

Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Hakuna bata mwenye sifa zote. Yuko bata akufaaye wewe, katika ua wako na soko lako. Nanyi walimu wenzangu, mtu akiwauliza shauri, msikieni mpaka neno lake la mwisho kabla ya kufungua kitabu.