Samaki Mzima



Mimi mtu wa reli, nipo likizoni hapa kwetu Mbita. Karakana kwetu chuma kikuukuu hakitupwi. Reli iliyochakaa hukatwa ikawa nguzo. Sasa tumtazame mbuta.

Aliletwa ziwani miaka ya 1950. Tangu miaka ya 1980 viwanda humkata minofu ya kupelekwa Ulaya na kwingineko. Minofu hiyo haifiki nusu ya uzito wake. Bondo nalo husafirishwa China kwa bei kubwa. Sisi tuliomvua twabakiziwa mgongo wazi, kichwa na mifupa, nao twaununua! Na mwaka 1999, Ulaya ilipokataa samaki wetu, hasara ilimfika mvuvi ufukoni.

Ndugu zangu, chama chetu na wavuvi tuseme neno moja: samaki atumike mzima papa hapa. Mafuta yakamuliwe, ngozi itengenezwe, mifupa isagwe iwe chakula cha kuku. Kila kipande kikipata kazi, kijana naye atapata kazi. Tena samaki wachache watatuletea fedha zaidi, na ziwa litapumua.

Umoja ni nguvu.