Ganzi ya Mkono: Tuulize Kwanza Kabla ya Kujibu

Ifuatayo ni hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa kamati za diakonia na afya za sharika, katika semina iliyofanyika Chekereni, Moshi Vijijini.



Mada niliyopewa ni ganzi ya mkono na vidole. Naona wengine mnatabasamu, maana ni nani kati yetu hajawahi kuamka usiku akakuta mkono umekufa ganzi? Naomba niwaeleze habari za mikono miwili. Mmoja ni wangu. Wa pili ni wa mama mmoja mkulima wa mpunga, ambaye ameniruhusu kusema habari zake bila kumtaja jina.

Nianze na wangu. Kwa miaka mingi nimeendesha pikipiki ya mradi kwenye barabara zetu hizi, na jioni nimekaa kwenye kompyuta kuandika taarifa. Ikafika wakati naamka usiku, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinawaka kana kwamba siafu wanatembea ndani yake. Nikiukung'uta mkono, napata nafuu. Daktari aliniambia kuwa mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo hupita kwenye njia nyembamba hapa kwenye kifundo cha mkono, na njia ile ikivimba, mshipa hubanwa. Alinipa kifaa kigumu cha kufunga kifundo usiku kisikunjike, akanishauri kupumzisha mkono. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa mzima.

Miezi michache baadaye nilitembelea kikundi kimoja cha wakulima hapa kwenye skimu. Yule mama akaniambia, "Mratibu, vidole vyangu vina ganzi." Nami nikajibu kama mtaalamu: "Mama, hiyo ni kazi ya kupandikiza mpunga. Hata mimi yalinipata. Pumzika kidogo, itaisha." Akasema, "Haya baba." Sikumwuliza ni vidole vipi.

Haikuisha. Siku moja aliipua sufuria ya makande jikoni kwa mikono mitupu, asisikie kitu. Kesho yake mjukuu wake ndiye aliyeona lengelenge. Alipofika hospitali, mhudumu alimwomba akunje mkono wa gauni. Juu ya kiwiko palikuwa na baka lenye rangi hafifu kuliko ngozi yake. Aliguswa hapo kwa pamba akiwa amefumba macho, hakusikia. Mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko ulikuwa umenenepa, unashikika kama kamba. Ulikuwa ukoma.

Ndugu zangu, mama yule alimeza dawa kwa miezi 12 na amepona. Lakini kidole cha pete na kidogo vimebaki vimejikunja, na mundu haushiki kama zamani. Dawa huua vimelea. Haifufui mshipa uliokwisha kufa. Mshipa ulioumia kwa muda usiozidi miezi sita una nafasi nzuri ya kurudi katika hali yake ukitibiwa. Muda huo aliupoteza akifuata ushauri wangu.

Ndiyo maana leo nasema: ganzi siyo ugonjwa, ni taarifa. Lazima tuulize inatoka wapi. Nimejifunza maswali manne.

La kwanza: ni vidole vipi? Gumba, shahada na cha kati huelekeza kwenye kifundo cha mkono. Kidogo na nusu ya cha pete huelekeza kwenye kiwiko. Ganzi inayoshuka pamoja na maumivu kutoka shingoni huenda inatokana na mifupa ya shingo kubana mshipa. Mimi na yule mama tulitumia neno moja, lakini vidole vyetu vilikuwa tofauti kabisa.

La pili: inakuja na kuondoka, au imekaa? Ya usiku inayoondoka ukikung'uta mkono mara nyingi ni ya kubanwa. Wajawazito wengi huipata, na kwa kawaida huisha baada ya kujifungua. Ganzi isiyoondoka, au inayomfanya mtu aungue asijue, haingoji. Na ikija ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, hicho chaweza kuwa kiharusi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo; asilazwe nyumbani kuangaliwa.

La tatu: kuna nini kingine mwilini? Tuulize juu ya miguu. Kisukari kwa kawaida huanza kuua ganzi kwenye nyayo, kisha ndipo huja vidoleni. Tuulize juu ya ngozi pia: kuna baka lisilowasha wala kuuma? Hilo halionekani mpaka mtu akunje nguo.

La nne: unatumia nini? Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi yaweza kuleta ganzi, na vitamini B6 huizuia. Metformini ya kisukari ikitumika miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Mgonjwa asiache dawa zake, amweleze daktari. Pombe nyingi kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na baadhi ya sumu za kuulia wadudu shambani vilevile. Wakulima wetu wanaopiga dawa bila glavu tuwaulize hilo.

Maswali haya hayatufanyi kuwa madaktari. Yanatusaidia kujua nani aende hospitali, na aende upesi.

Sasa niseme kidogo juu ya ukoma, maana wengi wetu tunadhani umebaki kwenye Biblia. Kimelea chake kiligunduliwa na daktari Mnorwe, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Siyo laana, wala hakuna aliyerogwa. Watu walio wengi wana kinga ya asili dhidi yake, na mgonjwa akishaanza dawa huacha kuambukiza baada ya muda mfupi. Matibabu ni ya miezi 6 au 12, na dawa ni bure. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa chini ya mmoja kwa kila watu 10,000. Ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini wagonjwa wapya bado wanapatikana kila mwaka, na kwa kuwa wamekuwa wachache, tumesahau kuwatafuta. Sisi wa Moshi hatuna udhuru: KCMC ipo tangu mwaka 1971, na ina kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Naomba mambo matatu kwa kamati. Mosi, katika ziara zenu za nyumba kwa nyumba, mbebe maswali haya manne. Pili, Jumapili ya mwisho ya Januari, ambayo ni Siku ya Ukoma Duniani, usharika utangaze na kufundisha juu ya baka na ganzi. Tatu, anayegundulika asitengwe. Familia yake nayo ipelekwe kuchunguzwa, na kiti chake kanisani kibaki chake.

Kwa wahisani wetu: dawa ya ukoma hainunuliwi. Kinachowakwamisha watu wetu ni nauli ya kwenda mjini na kurudi mwezi baada ya mwezi, vipimo vya sukari, na viatu vya kulinda nyayo zisizosikia mwiba. Ni mahitaji madogo, yanayookoa mikono ya kazi.

Yule mama bado analima. Amefunga kitambaa kwenye mpini wa mundu ili ushikike, na akipika huipua sufuria kwa matambara mazito. Nilikwenda kumwomba msamaha. Akaniambia, "Baba, wewe waulize wengine." Ndiyo kazi niliyokuja kuwagawia leo.