PRESHA NA KUKATIKA PUMZI USINGIZINI NI MAGONJWA YA UKOO

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa afya katika mkutano wa kijiji)

 

Leo nawaeleza juu ya presha, ambayo wengi wetu twaiita tansio, na juu ya kukoroma. Mambo haya mawili ni jamaa.

Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa huziba, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu hushtuka akihema. Huweza kutokea mara nyingi usiku mmoja. Kila mara oksijeni hupungua katika damu, mishipa hukaza, na moyo hufanya kazi kwa nguvu. Mwishowe presha hubaki juu hata mchana.

Kwa nini baba, shangazi na kaka wote wapatwe? Si uchawi. Magonjwa haya yote mawili hurithiwa kwa sehemu. Chembe za urithi zinazohusika ni nyingi, kila moja na nguvu ndogo, na baadhi yake huchangia yote mawili. Lakini kurithi si kuhukumiwa. Unaweza kujikinga.

Shida yetu sisi wakimbizi ni kwamba jamaa wametawanyika. Daktari akiuliza, "Kwenu nani ana presha?" wengi hatuna jibu. Basi waulizeni wazee mlio nao. Walio mbali waulizeni kwa simu au kwa barua za Msalaba Mwekundu: nani alipooza upande mmoja? Nani alikoroma na kukata pumzi?

Tena fanyeni haya:

1. Mwenye jamaa wa presha apimwe, hata kama hajisikii mgonjwa. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikabaki hivyo, hiyo ni presha.

2. Mkoromaji hajisikii mwenyewe. Wewe unayelala naye, sikiliza. Pumzi ikikatika, au akiamka na kichwa kinauma na kusinzia mchana, mpeleke kwa daktari, ukaeleze uliyosikia.

3. Alale ubavu, si chali. Aache pombe. Mnene apunguze uzito. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai.

4. Usiache vidonge vya presha kwa sababu umepata nafuu, wala usimgawie jirani.

 Mwenye swali aulize.