Mahali pa Kazi ni Wapi? Ahadi ya Kufanyia Kazi Nyumbani na Kilichomo Kwenye Mkataba

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya vijana wahitimu, Masasi



1. Utangulizi

Tangu stakabadhi ghalani ianze mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima wa Masasi au Newala hapeleki korosho chama cha msingi akarudi mikono mitupu. Karani akishapima na kuandika kilo, mkulima huondoka na karatasi yake. Lakini mtoto wa mkulima huyohuyo, akipata kazi ya kufanyia nyumbani, huridhika na ujumbe wa WhatsApp.

2. Yaliyomkuta binti wa Newala

Binti mmoja alinionesha simu yake. Ujumbe wa aliyemwajiri ulisema: “Usijali, utafanya kazi hukohuko kwenu.” Akanunua kompyuta ya mtumba, akaanza kuhudumia wateja wa Dar es Salaam. Mwezi wa nane akaitwa ofisini, aripoti ndani ya siku saba. Mkataba aliousaini ulisema: “Kituo cha kazi: Dar es Salaam, au popote mwajiri atakapoelekeza.” Bando alijinunulia mwenyewe, na siku za kukatika umeme zilihesabiwa utoro. Kuhusu hayo, mkataba ulikuwa kimya.

3. Sheria inasemaje

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, yakiwemo ya mahali pa kazi, saa na ujira. Likibadilika lolote, mwajiri ashauriane naye, kisha arekebishe maandishi na kumjulisha. Kwenye shauri, mwajiri asipoonesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Kinga hiyo humfaa asiyepewa karatasi. Aliyesaini karatasi inayopingana na ahadi ana kibarua kigumu zaidi: saini yake mwenyewe inamkana.

Saa nazo zina mpaka. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, hata kama ofisi ni sebule ya mama.

4. Mapendekezo

(a) Kabla ya kusaini, omba paandikwe “Newala” au “Masasi”. Mwajiri akitaka nafasi ya kukuhamisha, iandikwe atakupa taarifa ya siku ngapi na nauli italipwa na nani.

(b) Bando, kompyuta na siku za kukatika umeme viwe na kipengele chake.

(c) Tunza kila ujumbe. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine, siku 60.

5. Hitimisho

Mali bila daftari hupotea bila habari. Waliokuja na mikataba yao waifungue sasa, tutafute mstari wa mahali pa kazi. Maswali yaanzie hapo.