Dakta Krapf na Kadhi wa Mombasa



Tumeombwa katika Jubilei hii tuseme habari za mwanzo wa Maandiko tunayoyasoma. Wengi wetu hapa Temeke, hata na wenzetu waliotoka Kinondoni, twadhani Kiswahili cha kanisani kililetwa merikebuni pamoja na kengele. Sivyo. Sala, imani, dhambi, neema: maneno haya yalikuwa midomoni mwa watu wa pwani kabla misheni haijafika.

Johann Ludwig Krapf, Mdachi aliyezaliwa mwaka 1810, alisoma elimu ya dini huko Tübingen. Kisha akakaa Uhabeshi, akajifunza Kiamhari na kukusanya vitabu vya kale vya Kigeezi. Alipofukuzwa huko akaja Mombasa, mwaka 1844. Tarehe 8 Juni ya mwaka ule alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Ni nani aliyemsaidia? Hakuwa Mkristo. Alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi.

Tarehe 13 Julai mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf hakuiacha kazi. Sura tatu za kwanza zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Sarufi yake ikatoka mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Lakini hatuwezi kumsifu kwa yote. Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Yeye akachagua za Kirumi, na sababu mojawapo, kwa maneno yake mwenyewe, ni kuuzuia Uislamu usienee. Alikunywa kisimani mwa kadhi, kisha akataka kukiziba! Hata hivyo mtu huyo huyo, mwaka 1854, alipeleka Udachi hati za tenzi za Waislamu, na Utenzi wa Herekali ukiwamo, zikatunzwa Halle katika maktaba ya chama cha elimu ya Mashariki. Moyo wa mwanachuoni ulimshinda, nasi twafurahi.

Basi, sasa tutasomewa sura ya kwanza ya Mwanzo. Maneno si yale ya Krapf, yamefasiriwa upya mara kadha wa kadha. Nanyi majirani zetu Waislamu mliosimama mlangoni, tafadhalini mpite mbele, viti vipo.