Kijito Chini ya Mtende

 

Nimeombwa niseme juu ya neno moja tu: sariyya, lililomo katika Sura Maryam, aya ya 24. Bibi Maryam yuko mbali na watu wake; uchungu wa uzazi umempeleka penye shina la mtende, naye anatamani lau angalikufa zamani. Hapo anaambiwa asihuzunike, kwani Mola wake amemwekea sariyya chini yake.

Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, ametaja katika Al-Itqan kuwa Mujahid alisema ni mto kwa Kisuriani, na Said bin Jubayr akasema ni kwa Kinabati. Lugha zote mbili ni za ukoo wa Kiaramu. Wako pia waliosema sariyya ni bwana mtukufu, yaani Nabii Isa mwenyewe. Imam Tabari alizitaja kauli zote mbili, akachagua kijito. Na aya ya 26 yaunga mkono: Maryam aambiwa ale na anywe. Tende za kula zimekwisha tajwa. Cha kunywa ni kipi isipokuwa maji hayo?

Mtu akiuliza neno geni limeingiaje katika Kiarabu wazi, Abu Ubayd al-Qasim alikwisha jibu: asili yake ni ya kigeni, lakini Waarabu walilitia katika ndimi zao hata likawa lao kabla Kurani haijashuka. Nasi twasema meza, neno la Wareno. Nani atasema leo si Kiswahili?

Ndugu zangu, mto wetu Rwizi wapita Mbarara ukenda kulisha Ziwa Nakivale. Karibu na ziwa hilo wamo kina mama waliokimbia vita vya Kongo, Burundi na Somalia, na wengine wamejifungua mbali na jamaa zao. Mwenyezi Mungu alimpa Maryam kwanza faraja, maji na tende. Waliomhoji ni watu wake, baadaye. Basi kila mmoja wetu ajitazame: mgeni akibisha hodi, twaanza kwa kikombe cha maji, au kwa maswali?