Vidonda vya Tumbo Vina Dawa

(Maelezo ya tabibu wa zahanati kwa mkutano wa wakazi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati imeniomba niseme juu ya tumbo. Kila asubuhi kwenye foleni ya zahanati kuna watu walioshika chembe ya moyo. Tumbo linachoma usiku, linajaa gesi, chakula kidogo tu mtu ameshiba. Mmoja husema ni mawazo ya ukimbizi, mwingine ni maharage ya mgao, wa tatu amerogwa.

Mawazo tunayo sote, na maharage yana gesi, hilo hatubishi. Lakini vidonda vya tumbo vina visababishi vikubwa viwili: kijidudu, na dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na brufeni zinapomezwa mara kwa mara. Kwa hiyo anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo aje kwanza tuzungumze.

Kijidudu hicho ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Kwenye karatasi ya maabara huandikwa H. pylori. Zamani waganga waliamini hakuna bakteria anayeweza kuishi katika asidi ya tumbo. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha maabara. Wengi hawakusadiki, na mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Bakteria huyu hujizungushia amonia inayozimua asidi, kisha hujificha ndani ya ute wa tumbo.

Mara nyingi humwingia mtu utotoni, kwa njia ya mate, matapishi au kinyesi, hasa mahali watu walipobanana na maji ni haba. Mnaona wenyewe kwa nini jambo hili linatuhusu. Hata hivyo wengi walio naye hawaugui kamwe. Kuwa naye si aibu, wala mgonjwa asitengwe.

Sasa kipimo. Kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe ni kizuri, na kile cha kupuliza pumzi pia. Hospitali ya rufaa huweza kupitisha kamera nyembamba mdomoni hadi tumboni na kuchukua kipande kidogo cha nyama. Kipimo cha damu ni rahisi, lakini huonyesha askari wa mwili tu, na askari hao hubaki miaka mingi hata baada ya kupona. Ndugu zangu wa mashirika, hapa nawaomba: msimtibu mtu mara ya pili na ya tatu kwa sababu ya karatasi ya damu peke yake. Pia msimpe mama mmoja vidonge vya kutafuna mwezi baada ya mwezi bila kumpima. Vidonge hivyo hutuliza moto, lakini mwenye kuuwasha yumo ndani.

Matibabu ni dawa kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwa siku 14: ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, kama amoksisilini, klarithromaisini au metronidazoli, kadiri mganga atakavyoamua. Mahali pengine huongezwa bismathi. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema. Mwenye mimba au anayenyonyesha aseme pia. Ukipewa metronidazoli, pombe weka mbali.

Na hapa ndipo tunapoharibu. Siku ya tano maumivu yanapungua, vidonge vinavyobaki vinapewa shemeji au vinauzwa sokoni. Shemeji hatapona kwa dozi ya siku tatu, wewe hutapona, na bakteria waliosalia hujifunza kuishinda dawa. Dozi ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Dawa ikikuletea kichefuchefu au uchungu mdomoni, rudi zahanati, usiache kimyakimya.

Baada ya kumaliza, subiri wiki 4 au zaidi ndipo upimwe tena. Dawa ya omeprazoli iwe imesimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo jibu litadanganya.

Viongozi wa zoni, shikeni dalili hizi za hatari: kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cheusi chenye kunata kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao. Mtu wa namna hiyo asingojee asubuhi, hata kama mganga wa jadi ameshaitwa. Bakteria huyu asipotibiwa, kwa wachache huleta hata saratani ya tumbo.

Mwisho, sabuni, maji safi na vyoo vinavyofunikwa ni kinga ya watoto wetu. Kamati idai hivyo, na sisi wakazi tuvitunze.